Miezi ya Kungoja: Kijana wa Ruvu na Kozi ya Kabla ya Chuo Kikuu



Swali la leo ni jepesi kulitamka: je, mzazi amwandikishe mtoto wake katika kozi fupi ya chuo kikuu kabla mtoto huyo hajamaliza sekondari? Swali hili limezaliwa Marekani. Huko, kati ya Juni na Agosti, vyuo vikuu hufungua mabweni yao kwa wanafunzi wa sekondari, wakakaa humo wiki mbili hadi sita, wakasoma na kulala chuoni kama wanachuo wenyewe. Siku hizi matangazo ya kozi hizo yanafika hadi kwenye simu ya mzazi wa Mlandizi na wa Kisarawe. Nitalijibu swali hilo, ila kwa njia inayopitia kwetu. Hoja yangu ni moja. Muda ulio kati ya shule na chuo kikuu haujapata kuwa muda mtupu; chochote kinachowekwa hapo humpitisha mmoja na kumzuia mwingine. Na ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba kozi ya kabla ya chuo humfaa zaidi kijana ambaye hakuna aliyemtarajia kufika huko. Ikiwa hivyo ndivyo, basi tunaowaandikisha sasa ndio wanaoihitaji kidogo kuliko wote.

Sisi hatuna likizo ndefu ya Wamarekani. Tulicho nacho ni kungoja. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, na kidato cha tano huanza Julai: hiyo ni miezi saba. Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba: mitano mingine. Kijana mmoja, tangu aweke kalamu chini kidato cha nne hadi siku anayoripoti chuoni, hutumia mwaka mzima akingoja. Mwenye nacho huujaza mwaka huo kwa tuisheni na kozi za kujiandaa na kidato cha tano. Asiye nacho, wa Magindu au Maneromango, huujaza kwa shamba, kwa mkaa, kwa bodaboda ya mtu mwingine. Na msichana huujaza kwa kazi za ndani jijini, kama si kwa mume. Matokeo yakitoka, vijana hawa wote tunawalinganisha kana kwamba walikuwa wakingoja kitu kimoja mahali pamoja.

Historia yetu wenyewe imeshatufundisha jinsi pengo hili linavyochuja watu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kuamua, pamoja na elimu ya msingi kwa wote, kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Atakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha atafanya kazi miaka miwili angalau, na ataingia chuoni kwa mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema, na ilikuwa na sababu: viongozi walikuwa wamekwisha kuona, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo wakiandamana dhidi ya JKT ya lazima, na Mwalimu Nyerere akawafukuza kwa mamia. Msomi aliyepitia jembe na ofisi, ilifikiriwa, atarudi kwa watu wake. Lakini angalia nani alipotea njiani. Idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka kwa haraka, kwa maana miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya posa, ya ujauzito na ya mume asiyetaka mke wake aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Haukupita muda mrefu, serikali ikawaruhusu wanawake waingie moja kwa moja. Na miaka ya 1980 sharti lenyewe likalegezwa kwa wote. Hakuna aliyeandika katika Azimio la Musoma kwamba wasichana wapunguzwe. Pengo lilifanya kazi hiyo bila kuagizwa.

Ushahidi wa pili unatoka Mlimani hapo hapo, na unakwenda upande wa pili. Katikati ya miaka ya 1990 Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kozi ya awali kwa wasichana. Waliitwa wasichana waliofaulu sayansi kwa kiwango cha chini kinachokubalika, ila ushindani wa nafasi ungewaacha nje. Walikaa chuoni wiki chache, wakafundishwa hisabati, fizikia, kemia na mengineyo kwa kasi, wakafanya mtihani, na aliyefaulu akapewa nafasi. Baadaye uhandisi ukafuata. Wanawake waliongezeka katika shahada za sayansi, na wengi wa walioingia kwa mlango huo walikwenda sambamba na wenzao. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wiki chache haziwezi kumfundisha mtu fizikia ya miaka miwili. Lakini zinaweza kumpa maabara yenye vifaa ambavyo shule yake haikuwa navyo, mwalimu ambaye swali halimuudhi, na uzoefu wa kulala mahali ambapo kusoma sayansi ni jambo la kawaida kwa msichana. Zaidi ya yote zilimpa mtihani wa pili. Katika nchi ambayo asubuhi moja ya Novemba au Mei hukata njia ya mtu maisha yake yote, nafasi ya pili ya kupimwa ni kitu adimu.

Marekani nako, mbali na matangazo, kuna utafiti. Mwaka 1965, katika vita vya Rais Johnson dhidi ya umaskini, serikali yao ilianzisha mpango unaoitwa Upward Bound, unaowachukua wanafunzi wa sekondari wa familia maskini na kuwapeleka vyuoni wakati wa likizo, ukiwafuatilia pia mwaka mzima. Miaka ya 1990 mpango huo ulipimwa kwa njia kali kabisa: waombaji waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia, wengine wakabaki nje, kisha makundi yote mawili yakafuatwa kwa miaka mingi. Matokeo ya jumla yaliwavunja moyo wengi, kwa kuwa kwa wastani tofauti kati ya makundi hayo katika kuingia chuo haikuonekana. Wapo wataalamu waliopinga hesabu hizo, na mabishano yao hayajaisha. Lakini ndani ya matokeo yale mlikuwa na jambo lililojitokeza wazi: wanafunzi ambao mwanzoni hawakuwa na matarajio ya kumaliza shahada walinufaika sana. Wale waliokuwa wamekwisha kuamua kwenda chuo walikwenda, iwe kwa kozi au bila kozi. Hapa ndipo Mlimani na Marekani, kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, zinapokutana.

Sasa turudi kwenye tangazo lililo kwenye simu ya mzazi. Kozi ya wiki mbili ya chuo chenye jina kubwa kama Harvard inapita dola 5,000, kabla ya nauli na viza. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 12. Kabla ya serikali kuondoa ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, ada ya bweni katika shule zetu za umma ilikuwa 70,000 kwa mwaka. Kwa hiyo fedha ya wiki mbili za mtoto mmoja ingelipa ada ya mwaka ya wanafunzi zaidi ya 170. Kinachonunuliwa ni nini? Mandhari nzuri, rafiki wa nchi nyingine, cheti cha kushiriki. Nafasi ya shahada haimo. Vyuo hivyo vyenyewe havimwahidi mshiriki kwamba atapokelewa. Tena huko huko Marekani kozi zinazoheshimiwa kuliko zote mara nyingi ni za bure. MIT inaendesha tangu 1975 kozi ya wiki sita ya sayansi na uhandisi kwa vijana wa makundi yaliyoachwa nyuma, wala haitozi ada. Chuo Kikuu cha Yale kimeendesha kozi ya vijana wa Kiafrika hapa hapa barani, katika nchi kama Ghana, Rwanda na Zimbabwe, bila kuwatoza ada washiriki. Mzazi mwenye mtoto hodari na amtafutie kozi za namna hiyo zilizo wazi kwa vijana wa kwetu. Kozi inayomchagua mtoto kwa kazi yake ni tofauti kabisa na kozi inayomchagua kwa akaunti ya baba yake, hata zikifanyika katika jengo moja.

Ataniuliza mtu: mzazi akiwa na fedha yake halali, inakuhusu nini? Hainihusu, nami simzuii. Mtoto aliyetoka Kibaha akaona maktaba ya ghorofa nane hatapata hasara. Ninachokataa ni kuifanya njia hiyo kuwa kipimo cha malezi bora, hadi mzazi wa kawaida akope, auze kiwanja cha Soga, akiamini amemnunulia mwanawe mlango. Kipya kinyemi, lakini mkopo wa kipya hulipwa kikiwa kimechakaa.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani. Watasema: kozi ya kabla ya chuo tunayo, na iko papa hapa Ruvu. Kweli. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, mafunzo ya lazima kwa wahitimu yakasitishwa mwaka 1994, yakarudi 2013, na tangu hapo wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa kila mwaka kwa miezi mitatu. Kambi ya Ruvu, Mlandizi, ni miongoni mwa zinazowapokea. Watu wengi nchini waliijua Ruvu kwa mpira, kwa JKT Ruvu na Ruvu Shooting, lakini kwa maelfu ya vijana Ruvu ni shuka mbili za bluu bahari, raba, bukta yenye mpira kiunoni na gwaride la alfajiri. Siidharau kozi hii. Inamchanganya mtoto wa Masaki ya Dar es Salaam na wa Masaki ya Kisarawe katika hanga moja, jambo ambalo shule zetu zimeshindwa kulifanya. Na ina jambo moja ambalo wenye vyuo hawajalitazama vya kutosha: katika tangazo lake JKT huwaelekeza vijana wenye ulemavu wa kuonekana waripoti Ruvu, kwa sababu kambi hiyo ina miundombinu ya kuwahudumia. Yaani taasisi ya kijeshi, ambayo ingekuwa na udhuru rahisi kuliko zote, imetenga mahali kwa kijana ambaye hakutarajiwa gwarideni.

Lakini JKT inaanza baada ya kidato cha sita. Inampokea aliyekwisha kuvuka. Pengo refu zaidi, lile la miezi saba baada ya kidato cha nne, ndilo linalowameza wengi, na ndilo ambalo ndani yake kijana huamua tahasusi. Msichana wa shule ya kata isiyo na maabara huchagua historia na jiografia kwa sababu kemia aliisoma ubaoni tu. Na akishachagua hivyo, udaktari na uhandisi vimekwisha kufungwa akiwa na miaka kumi na saba. Kama chuo kikuu kinataka kumwona kabla hajapotea, wakati ni huo. Kumngoja mlangoni na sharti la alama 4.0 katika masomo mawili ni kumngoja mahali ambapo hatafika.

Je, sisi wa Ruvu, Kibaha na Kisarawe, tunaweza kumwandalia kozi ya namna hiyo? Hebu tuhesabu vilivyopo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likiwa na shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima katika eneo moja, likakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Sekondari ya Kibaha ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu. Rais mstaafu Kikwete alisoma pale. Kuna Ruvu ya wasichana. Upande wa Kisarawe kuna Minaki, shule kongwe iliyorithi kazi ya wamisionari wa Kianglikana kutoka Zanzibar. Shule hizi zina kidato cha tano na cha sita, na hapo pana jambo la kalenda ambalo sijui kwa nini halitumiki: kidato cha sita huondoka Mei, kidato cha tano huingia Julai. Mwezi wa Juni, ambao wanafunzi waliobaki nao huwa likizo, vitanda, maabara na majiko ya shule hizo yamekaa tu. Na Juni hiyo hiyo kijana wa kidato cha nne ana matokeo yake mkononi lakini hajaripoti popote.

Masomo yenyewe yanapita mlangoni. Mto Ruvu unashuka kutoka Uluguru na kulinywesha sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959 hapo Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, wa mwaka 1976, lita milioni 270. Mwishoni mwa 2021 na tena mwishoni mwa 2022 mto ulipungua hadi maji ya Dar es Salaam yakagawiwa kwa ratiba. Kijana wa Kwala anayeishi kilomita chache kutoka mtoni, na pengine ananunua dumu la maji, ana swali la kisayansi ambalo mwanafunzi wa Yale hana. Juni, masika yakiwa yamekatika, mto unaanza kushuka: ni wakati wa kupima kina chake kila asubuhi kwa mwezi mzima, kuchora mchoro, kupima tope ndani ya maji kabla na baada ya kuwekwa dawa, kukokotoa ni lita ngapi zinapita na ni ngapi zinavutwa, kisha kuandika kurasa kumi kwa lugha inayoeleweka na kuzitetea mbele ya mhandisi. Kibaha kuna kituo cha utafiti wa miwa. Kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba, ambapo biolojia ya bakteria inafanya kazi ya mshahara. Kwala kuna bandari kavu na reli. Mwenye kupenda hesabu na biashara atapata makontena ya kutosha. Kisarawe kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na mkaa unaoimaliza. Mkaa huo, tukumbuke, ndio anaouchoma kijana yule anayengoja matokeo. Atakuwa na data ambazo profesa hana.

Kizuizi cha kweli si fedha, ni kalenda ya chuo. Mwezi Juni wahadhiri bado wanafundisha, mitihani ya mwisho wa mwaka ikiwakaribia. Hapo sitasema kwamba watatoka Mlimani kila siku. Lakini kozi kama hii haihitaji maprofesa saba. Inahitaji mhadhiri mmoja anayeiongoza na kuja mwisho wa wiki, wanafunzi wa shahada za uzamili wanaohitaji uzoefu wa kufundisha, mafundi wa maabara, na wahadhiri wastaafu, ambao Kibaha haiwakosi. Kutoka jijini ni kilomita 40 hivi. Kisichoweza kukosekana ni mtihani wa mwisho unaosahihishwa na chuo chenyewe, na karatasi yake ibaki katika kumbukumbu za chuo hadi mwombaji huyo atakaporudi miaka miwili baadaye. Bila hilo tutakuwa tumefungua tuisheni nyingine yenye nembo.

Kuhusu fedha, nawakumbusha Kisarawe. Mwaka 2019, chini ya mkuu wa wilaya wa wakati huo, Jokate Mwegelo, wilaya hiyo iliendesha kampeni ya Tokomeza Ziro, watu binafsi na makampuni wakachanga, na shule ya sekondari ya wasichana ikajengwa. Kama wilaya iliweza kuchangia majengo, inaweza kuchangia unga, maharage na nauli za vijana 60. Ila bajeti hiyo iwe na kifungu ambacho wenye mipango hukisahau: posho ndogo kwa familia. Kijana wa Mafizi akiondoka mwezi mzima, kuna gunia halichomwi na shamba halilimwi. Kenya wameliona hili kwa njia yao. Benki ya Equity tangu 1998 imekuwa ikiwachukua wanafunzi waliofaulu vizuri kuliko wote katika wilaya zao na kuwapa kazi ya kulipwa kabla ya kwenda chuo. Wao huwachukua wa kwanza. Mimi napendekeza wa katikati, lakini somo la malipo nalikubali lote.

Wazazi wa wasichana wana wasiwasi wao, na sitaujibu kwa maneno matamu. Bweni lenye ukuta, matroni anayelala humo, utaratibu wa kutoka kwa daftari, na zamu za kwenda mtoni zisizopita saa kumi jioni: mzazi asiyeoneshwa hayo kwa macho yake ana haki ya kukataa, hata kozi ikiwa ya bure. Na atakayesema kwamba kuwachukua wa katikati ni kushusha kiwango, aangalie tena wasichana wa Mlimani. Walikuwa tayari wamekidhi kiwango. Walichokosa ni nafasi, na walipoipata walipimwa kama wengine. Aliyeshindwa mtihani ule alirudi nyumbani.

Uteuzi basi ufanywe vipi? Usifanywe kwa maombi ya mtandaoni, maana fomu ya mtandaoni humpata mwenye simu na mjomba. Walimu wa sayansi wa shule za kata za wilaya za Kibaha na Kisarawe waandike majina, nusu yawe ya wasichana, na kila jina liambatane na sababu moja tu: swali gani kijana huyu aliwahi kuuliza ambalo mwalimu alishindwa kulijibu. Majina hayo yanapaswa kuwa tayari mwezi Machi, matokeo yakiwa yametoka na kabla vijana hawajatawanyika zaidi. Bodi za shule hukutana kabla ya hapo, na mzazi yeyote anaweza kuomba suala hili liingizwe kwenye ajenda.